Namna ya Kushika Mafundisho Yenye Uzima na Kumwongoza Mwenzako kwa Upole

Mwamini anayejali mafundisho huvutwa pande mbili. Upande mmoja humwambia anyamaze kwa jina la upendo, hata anapoona wazi kwamba ndugu yake anaelekea pabaya. Upande wa pili humsukuma aseme kweli kwa ukali kiasi kwamba msikilizaji anaondoka akiichukia kweli yenyewe pamoja na aliyeisema. Wengi hudhani kwamba dawa ni kupunguza kila upande kidogo, yaani kulegeza kweli ili upole upate nafasi. Mtume Paulo hakumwagiza Timotheo hivyo. Katika waraka wake wa pili anamwambia ashike kielelezo cha maneno yenye uzima “katika imani na upendo ulio katika Kristo Yesu” (1:13), na sura moja baadaye anamwambia kwamba haimpasi mtumwa wa Bwana kuwa mgomvi, bali awe mwanana kwa watu wote, akiwaonya kwa upole wale wanaoshindana naye (2:24-25). Amri zote mbili amepewa mtu mmoja, na hakuna iliyopunguzwa ili kuipisha nyingine. Kwa hiyo upole ni sehemu ya fundisho lenyewe, na anayelitetea fundisho sahihi kwa matusi na dharau amekwisha kuliacha kwa kiasi fulani, hata kama kila sentensi anayoitamka inakubaliana na Maandiko.

Maelekezo yafuatayo yanamhusu mwamini wa kawaida: kiongozi wa kikundi cha kujifunza Biblia, mzazi wa kiroho, au rafiki anayemwona mwenzake akishika jambo lisilo sawa na hajui aanzie wapi.

Anza na mafundisho yako mwenyewe

“Jitunze nafsi yako, na mafundisho yako” (1 Timotheo 4:16) ni agizo lenye mpangilio wake, kwa maana nafsi inatajwa kwanza, na wale wanaokusikia wanatajwa mwishoni mwa aya. Kabla hujamwendea mtu, hakikisha kwamba unachokishika umekipata katika Maandiko yaliyosomwa kwa ukamilifu wake, na si katika aya moja iliyokatwa kutoka mahali pake. Njia ya kufanya hivyo ni nyepesi, ingawa wachache huifuata. Ukitaka kutumia aya, soma kwanza kitabu chote iliyomo ikiwa ni kifupi, au sura kadhaa zinazoizunguka ikiwa ni kirefu. Waraka kwa Wafilipi una sura 4 tu na unaweza kusomwa wote kwa kikao kimoja. Mtu akiusoma hivyo, ataona kwamba maneno “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu” (4:13) yaliandikwa na mfungwa aliyekuwa akieleza jinsi alivyojifunza kuridhika, awe ameshiba au awe na njaa, na hataweza tena kuyatumia kama ahadi ya kushinda kila shindano. Vivyo hivyo Yeremia 29:11, ambayo watu huipenda sana, imo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli, na aya iliyotangulia inawaambia wasubiri miaka 70. Faraja yake haipotei kwa kujua hayo, bali inakuwa ya kweli zaidi kwa mtu ambaye mateso yake hayaishi haraka.

Jipime pia kwa kipimo cha Waberoya, watu wa mji wa Beroya, ambao katika Matendo 17:11 walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo na wakayachunguza Maandiko kila siku. Walikuwa wakimchunguza Paulo mwenyewe, nao wakasifiwa kwa kufanya hivyo. Ikiwa wewe hukubali kuchunguzwa na yule unayetaka kumrekebisha, ni afadhali usubiri kwanza, maana Yakobo 3:1 inawaonya wale wanaoharakia kuwa waalimu kwamba watapata hukumu kubwa zaidi.

Pima uzito wa jambo kabla ya kufungua kinywa

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndiyo maana sehemu hii inahitaji kutafakariwa kwa muda mrefu kuliko nyingine. Si kila kosa la mafundisho lina uzito uleule. Paulo mwenyewe anasema kwamba yako mambo aliyoyatoa “hapo kwanza”: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kwamba alizikwa, na kwamba alifufuka siku ya tatu (1 Wakorintho 15:3-4). Mambo ya aina hii, pamoja na uungu wa Kristo na wokovu kwa neema, hayana nafasi ya kupatana nusu kwa nusu. Arius, kasisi wa Aleksandria, alipofundisha kwamba Mwana aliumbwa na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo, maaskofu waliokutana katika mji wa Nikea mwaka 325 hawakulichukua jambo hilo kuwa tofauti ya ladha, na Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyeitetea imani ya Nikea katika miaka iliyofuata, alikubali kufukuzwa katika mji wake mara 5 kuliko kuiacha.

Kuna mambo ya daraja la pili, kama vile ubatizo wa watoto wachanga, mfumo wa uongozi wa kanisa, au namna ya kuelewa karama za Roho. Haya yanaweza kuwafanya waamini waabudu katika makanisa tofauti, lakini hayawafanyi waache kuitana ndugu. Na kuna mambo ya dhamiri, ambayo Warumi 14 inayazungumzia kwa kirefu: huyu anakula kila kitu na yule anakula mboga, huyu anaiadhimisha siku fulani na yule anaziona siku zote kuwa sawasawa. Agizo la Paulo kwa kundi hili ni kwamba aliye dhaifu wa imani akaribishwe, wala asikaribishwe ili kubishana juu ya mawazo yake.

Ugumu ni kwamba jambo moja linaweza kuhama daraja kutegemea linavyotumiwa. Chukua tohara. Katika Matendo 16:3 Paulo alimtahiri Timotheo, mtoto wa mama Myahudi na baba Myunani, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa katika sehemu zile. Lakini katika Wagalatia 2:3-5 anasimulia kwamba Tito, aliyekuwa Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa, na kwamba hakukubali hata kidogo kuwapisha ndugu wa uongo waliolitaka jambo hilo. Kitendo ni kilekile, naye ni mtume yuleyule. Tofauti ni kwamba kwa Timotheo tohara ilikuwa njia ya kuwafikia watu, lakini kwa Tito ilikuwa imegeuzwa kuwa sharti la kukubaliwa na Mungu. Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza si tu kama mwenzako anafanya jambo hili au lile. Jiulize pia kama jambo hilo, likifuatwa hadi mwisho wake, linaongeza kitu juu ya Kristo au linaondoa kitu kwake. Mtu anayefunga kila Ijumaa kwa sababu kunamsaidia kuomba, mwache afunge na umheshimu. Mtu anayefundisha kwamba asiyefunga Ijumaa hajaokoka, huyo amevuka mpaka, ingawa kwa nje wote wawili wanafanya kitu kimoja.

Watu wengi hupenda kunukuu usemi kwamba katika mambo ya lazima kuwe na umoja, katika yasiyo ya lazima kuwe na uhuru, na katika yote kuwe na upendo, wakidai kwamba ni wa Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale. Usemi huo ulienea kutoka katika maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka 1,000 baada ya kifo chake mwaka 430. Ni usemi mzuri, lakini ni vyema anayewarekebisha wengine awe mwangalifu na nukuu zake mwenyewe.

Sikiliza mpaka akubali kwamba umemwelewa

Mithali 18:13 inasema kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Kwa hiyo mwombe mwenzako aeleze anachoamini kwa maneno yake mwenyewe, kisha urudie ulichosikia mpaka aseme, “Naam, ndivyo ninavyoamini.” Usipofika hapo, unaweza kujikuta unapigana na fundisho ambalo yeye hajawahi kulishika. Muulize pia alilipata wapi na lilimsaidiaje. Mara nyingi chini ya fundisho potofu kuna jeraha: mtu aliyefiwa, mtu aliyeomba kwa muda mrefu bila kupata jibu, au mtu aliyewahi kudharauliwa katika ushirika wenye mafundisho safi na kupokelewa vizuri kwenye mafundisho mabovu. Ukijibu hoja peke yake bila kuligusa jeraha, atakushukuru kwa adabu na kurudi alikokuwa.

Paulo anawatofautisha watu hawa katika 1 Wathesalonike 5:14, akiagiza wasiokaa kwa utaratibu waonywe, walio dhaifu watiwe moyo, na wanyonge watiwe nguvu. Anayempa aliye dhaifu onyo lililostahili mkaidi amekosea tiba, hata kama kila alilosema lilikuwa kweli.

Mazungumzo kwa mfano: mama aliyeacha dawa

Tuseme mama mmoja mwamini, mwenye umri wa kukuzaa, ameacha kumeza dawa za shinikizo la damu kwa sababu amefundishwa kwamba kutumia dawa ni kukosa imani. Jambo hili lina haraka kwa sababu uhai wake umo hatarini, kwa hiyo usiliahirishe kwa kisingizio cha kungoja wakati mwafaka. Hata hivyo haraka haikupi ruhusa ya kumkaripia. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 5:1-2, unaagiza kwamba mzee asikemewe bali aonywe kama baba, na wanawake wazee waonywe kama mama, jambo linalomaanisha kwamba hata maneno yako ya kwanza yawe ya mtoto kwa mzazi wake.

“Shikamoo, mama. Pole kwa kuumwa. Nimesikia umeacha dawa, nami naomba unieleze ulivyofikia uamuzi huo.”

“Marahaba, mwanangu. Biblia imesema kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Nikimeza kidonge ni kama ninamwambia Mungu kwamba simwamini.”

Jibu la haraka, “Hayo ni mafundisho ya uongo,” lingefunga mlango hapohapo. Tena lisingekuwa la haki kabisa, maana Isaya 53 ni neno la Mungu, na Mathayo 8:16-17 inaiunganisha sura hiyo na Yesu alipowaponya wagonjwa. Kubali kwanza kilicho kweli katika maneno yake.

“Ni kweli, mama, Bwana huponya, nami ninamwomba akuponye. Je, ungependa tufungue kitabu hichohicho cha Isaya, sura ya 38?”

Mwache asome mwenyewe kwa sauti, au umsomee ikiwa macho hayamruhusu. Katika sura hiyo mfalme Hezekia ni mgonjwa wa kufa, Mungu anaahidi kumwongezea miaka 15, na baada ya ahadi hiyo nabii Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu ili apone (38:21). Nabii yuleyule aliyeandika juu ya kupigwa kwa Mtumishi wa Bwana hakuona kwamba tiba inapingana na ahadi. Kisha someni 1 Timotheo 5:23, ambapo Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, na 2 Timotheo 4:20, ambapo anasema alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa.

“Mama, unadhani Trofimo aliugua kwa kukosa imani, naye alikuwa akisafiri na mtume?”

Ukishauliza hivyo, nyamaza. Ukimya huu ni mgumu kwa mtu anayependa kufundisha, lakini mama anahitaji nafasi ya kulijibu Neno na si kukujibu wewe. Usimrundikie aya nyingine 10. Akisema kwamba atafikiri, mwombe ruhusa umsindikize kwa daktari wakati anaendelea kufikiri, na uombe pamoja naye kwa ajili ya uponyaji bila kutia mahubiri ndani ya maombi. Kuomba kwa sauti maneno yaliyokusudiwa kumchoma aliye karibu nawe si kuomba, na watu wazima huligundua mara moja. Akiendelea kukataa, wahusishe mapema watoto wake na mchungaji anayemwamini.

Chagua mahali, na mtu anayefaa

Apolo, Myahudi mzaliwa wa Aleksandria, alikuwa hodari katika Maandiko na mwenye bidii, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila walimsikia akinena katika sinagogi la Efeso, nao hawakusimama kumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, “wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi” (Matendo 18:26). Luka anakiri kwamba alichokuwa akikifundisha Apolo kuhusu Yesu kilikuwa sahihi, na kwamba kilihitaji kukamilishwa. Watu wengi tunaowaona kuwa wapotofu wako katika hali hiyohiyo ya kuwa na sehemu ya kweli.

Kanuni ya Mathayo 18:15, yaani kwenda “wewe na yeye peke yenu”, ilitolewa kuhusu ndugu aliyekukosa, lakini hekima yake inafaa hapa pia. Usianze kwa kuwashirikisha wengine eti ili wakuombee, kwa maana masengenyo yaliyovalishwa vazi la maombi yanabaki kuwa masengenyo. Wala usimrekebishe mtu kwa ujumbe mrefu wa simu ikiwa mnaweza kuonana, kwa sababu maandishi hayana uso wala sauti, na msomaji huyasoma kwa sauti ya hofu yake mwenyewe.

Je, hakuna wakati wa kusema hadharani? Upo. Kule Antiokia Paulo alimpinga Petro mbele ya wote, kwa kuwa Petro alikuwa amejitenga hadharani na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, na hata Barnaba alikuwa amechukuliwa na unafiki huo (Wagalatia 2:11-14). Sababu mbili zilikuwapo: kitendo chenyewe kilikuwa cha hadharani, na kilikuwa kinawapotosha wengine papo hapo kuhusu kiini cha Injili. Zisipokuwapo zote mbili, rudi kwenye mfano wa Priskila na Akila. Angalia pia kwamba Paulo alimwambia Petro usoni.

Ikiwa anayekosea ni mchungaji wako, mwendee faraghani ukiwa na swali la kweli: “Mchungaji, naomba unisaidie kuelewa ulivyoifafanua ile aya Jumapili.” Huenda ulimsikia vibaya. Mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa hayapokelewi bila mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19), kwa hiyo jambo zito lipelekwe kwa wazee wengine na si kwa washirika waliokaa nje ya ibada.

Akikataa, na akikubali

Paulo anasema tunaonya kwa upole “ili kama ikiwezekana, Mungu awape kutubu na kuijua kweli” (2 Timotheo 2:25). Anayetoa toba ni Mungu, na jambo hilo linakuondolea mzigo wa kulazimisha majibu leo. Mtu akiwa na shaka tu, Yuda 22 inaagiza ahurumiwe. Endelea kula naye, kumtembelea na kusoma naye hata kwa miaka, bila kuligeuza kila kutembeleana kuwa mjadala. Mtu anapokuwa anawavuta wengine na kuwagawanya, hali ni tofauti. Tito 3:10 inaagiza aonywe mara ya kwanza na mara ya pili, kisha akataliwe, na uamuzi huo ni wa kanisa kupitia viongozi wake, si wa mwamini mmoja mwenye hasira. Ukifika hapo, liambie kundi kwa maneno machache ni fundisho gani lisilopokewa na kwa sababu gani, wala usizungumzie tabia au familia ya mhusika.

Wakati mwingine itaonekana baada ya kusoma pamoja kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mwambie hivyo waziwazi, na kama ulikwisha kumtaja kwa wengine, warudie hao pia.

Na akikubali, usitangaze kwamba ulimsaidia. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kuwaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe, naye akawasaidia sana wale walioamini (Matendo 18:27). Hakuna dalili kwamba barua ile ilitaja upungufu wake wa zamani. Mrudishie mwenzako nafasi yake ya kuimba, kufundisha au kuongoza maombi mara anapokuwa tayari, na mtu akikuuliza kuhusu mambo aliyokuwa akiyashika zamani, mwambie amuulize mwenyewe.